Chumvi ya Ng'ombe kwenye Mndimu wa Baba

Katesh,
Wilaya ya Mbulu.
14 Novemba 1953

Mpendwa mdogo wangu Hamis,

Salaam nyingi zikufikie huko Tanga. Kabla ya lolote nataka kujua hali yako. Kile kifua kilichokuwa kinakubana kimefunguka? Na hilo joto la huko umeshalizoea, au bado unalalamika kama ulivyolalamika mwaka wa kwanza? Mungu akulinde na homa, na kazi za bandarini zisikuchoshe kupita kiasi.

Shikamoo yako ya barua iliyopita niliipokea, nami naitikia marahaba, ingawa ukifika mwisho wa karatasi hizi huenda ukajuta kuniamkia.

Sisi huku ni wazima. Mvua za vuli zimeanza, na mlima Hanang umejifunika mawingu tangu juzi. Watu wa Masakta wameshapanda maharage. Duka liko wazi, shuka nyekundu zinatoka vizuri siku za mnada, na cherehani ya baba nimeitia mafuta, inakwenda. Mzee Ignasi wa kule kisimani alianguka kwenye punda akavunjika mkono, lakini anaendelea vizuri na matusi yake ni yale yale.

Nimetanguliza habari hizi kwa sababu naogopa kufika kwenye habari yenyewe. Tangu jana nimechana karatasi tatu. Basi naisema. Saumu hakuuharibu mndimu wako. Aliyeuharibu ni mimi, dada yako. Yale niliyokuandikia mwezi wa nane si kweli, na talaka uliyompa mkeo umempa kwa maneno yangu. Eda yake haijaisha. Nakuomba umrejee kabla haijaisha, na barua hii yote ni kwa ajili hiyo.

Nitaanza mbali kidogo, maana mengine ulikuwa mdogo hukuyaona. Baba aliipanda ile mbegu ya ndimu juma ulilozaliwa wewe, wakati bado anatembeza nguo kati ya Kondoa na huku, hana nyumba wala shamba. Aliipanda kwenye chungu ili aweze kuhama nayo juu ya punda. Kila mwaka kabla ya masika aliutoa mti, akakata ncha za mizizi kwa mkasi wa kukatia nguo, akaurudisha chunguni mle mle. Ndiyo maana una miaka ishirini na minane na hauzidi kiuno changu, na ndimu zake ni kama gololi. Wageni wakiucheka, baba aliwaambia huyu ni pacha wa Hamis, ila yeye amekataa kukua.

Alipokuwa anaumwa mwisho wake alisema chungu hicho ni chako, na mkeo ndiye atakayekitunza mpaka mtakapojenga. Nilisikia vizuri, nilikuwa nimemshikilia kichwa. Mimi niliyeumwagilia maji ule mti miaka kumi na miwili tangu mama afariki sikutajwa. Niliona wivu, Hamis, na Saumu alipoletwa hapa nyumbani na kuanza kuupapasa udongo kwa kidole chake kila asubuhi, wivu huo ukapata pa kukaa.

Mwezi wa sita mti ulikuwa na ndimu nne tu. Siku hizo Gidahosh, yule mfugaji anayenunua shuka kwetu tangu enzi za baba, alipita na punda wake wametoka ziwani Balangida, wamebeba ile chumvi ya magadi wanayolambisha mifugo. Nikamwuliza inafaa nini hasa. Akaniambia, "Ng'ombe akilamba hii, manyoya yanalala na maziwa yanashuka." Nikafikiri kinachomnenepesha ng'ombe hakiwezi kuudhuru mti. Nikamwomba kibuyu kimoja. Kila Ijumaa alasiri, Saumu akienda kisimani, nilikuwa natia konzi moja chunguni na kuifukia kwa majani makavu. Nilitaka ukija likizo ukute mti umezaa mpaka matawi yameinama, useme huu ni mkono wa dada.

Kosa la kutojua ningekuandikia bila kuona haya. Hata baba aliwahi kuutia mavumbi ya tumbaku ukaugua mwezi mzima, na tulicheka. Aibu yangu iko kwenye yaliyofuata.

Mwezi wa nane majani ya juu yakaanza kugeuka manjano. Hayakugeuka yote. Ile mishipa ya jani ilibaki kijani, na katikati yake rangi ikafifia, kisha ncha zikawa kahawia kana kwamba zimepitishwa motoni. Mimi chumvi sikuifikiria hata kidogo, maana kwangu ilikuwa dawa. Nikatafuta mtu wa kumlaumu.

Asubuhi moja nikiwa mlangoni mwa duka nilimwona Saumu uani ameinamia chungu, anamwaga karai zima la maji mpaka yanatiririka ardhini. Nilimwona mgongo na karai, basi. Nikasema moyoni hayo ni maji ya vyombo. Sikusogea kunusa. Nilimwita Mariamu, jirani yetu, nikayasema hayo kwa sauti pale pale uani. Saumu alisema tu, "Ni maji safi, wifi," akaendelea kumwaga. Ule utulivu wake nikauita kiburi.

Ndipo nikakuandikia. Nilikuandikia kwamba nimemwona kwa macho yangu akimwaga maji ya sabuni, tena si mara moja. Niliona mara moja, na sabuni sikuiona. Nikaandika pia kwamba amesema amechoka kutunza chungu cha maiti. Hakusema hivyo, Hamis. Maneno hayo niliyatunga mimi nimekaa kwenye cherehani ya baba. Na yale ya mwisho, kwamba mke anayeua pacha wako anakuombea nini wewe mwenyewe, niliyasoma mara mbili kabla ya kufunga bahasha, nikayapenda. Leo nikiyakumbuka natamani ardhi inimeze.

Karatasi yako ya talaka moja ilipofika, mwalimu wa chuo cha Kurani alikuja kuisoma mbele yetu. Baada ya kusoma akasema mke ana haki ya kukaa katika nyumba ya mumewe mpaka eda iishe, asitolewe. Mimi nilikuwa nimeshamfungia nguo zake katika shuka. Saumu alinitazama kuona kama nitasema abaki, nami nikaangalia pembeni. Kesho yake asubuhi akaondoka na lori la Hermani kwenda kwao Dongobesh. Kabla ya kupanda alirudi uani akaumwagilia mti ndoo mbili. Nikasema ili asikie, "Hata leo haoni haya."

Alipoondoka mti ulizidi kuugua. Nikaona dawa haijatosha, nikaongeza chumvi, sasa bila kuvizia. Katika majuma matatu majani yakapukutika karibu yote, na ndimu zile nne zikaanguka zikiwa ngumu kama kokoto. Nilikuwa nawaambia watu, angalieni jinsi alivyouacha.

Mwanzoni mwa mwezi huu alikuja huku bwana shamba kutoka Mbulu, kijana mmoja mpole anaitwa Gervasi, amekuja kuangalia mahindi ya watu. Nikamwita aje auone mti. Sikumwita ili autibu tu. Nilitaka mtu wa serikali aseme mbele ya Mariamu kwamba ni sabuni, nipate kukuandikia.

Gervasi hakuwa na haraka. Kwanza aligeuza majani machache yaliyobaki akaangalia chini yake kama kuna wadudu. Hakuna. Akauliza ni yapi yaliyotangulia kubadilika, ya juu au ya chini. Nikasema ya juu. Akasema, "Mti ukiwa na njaa ya mbolea, mama, majani ya chini ndiyo yanatangulia. Haya yametangulia machanga. Kuna kitu udongoni kinauzuia usile, hata kama chakula kipo." Akachota udongo akautia katika kikombe cha maji, akakoroga, akanusa. Akasema sabuni hakuna, ingetoa povu na harufu. Kisha akakwangua ukingo wa chungu kwa ukucha, mahali penye utando mweupe niliokuwa nauona kila siku nikidhani ni ukuta wa chungu unazeeka. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Hii ni ya Balangida," akasema. "Nani analisha mti chumvi ya ng'ombe?"

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipojifahamu. Nilikuwa na nafasi. Mtu ameniuliza kwa upole, na jibu ni neno moja. Nikajibu, "Labda yule aliyeondoka."

Gervasi akafukua yale majani makavu kwa kidole. Chini yake palikuwa na bonge la chumvi, kavu, bado lina pembe zake. Akaniuliza huyo aliyeondoka ameondoka lini. Mariamu akajibu kabla yangu kwamba mwezi umepita na zaidi. Gervasi akasema bonge lile halijapata hata wiki. Mariamu aliinamisha macho akaangalia vidole vyake vya miguu, akasema ameacha chungu jikoni, akaondoka. Tangu siku hiyo ananisalimu kwa mbali, na sina la kumlaumu.

Yule kijana alikunja mikono ya shati akaendelea na kazi kana kwamba hakusikia uongo wangu. Akaung'oa mti chunguni, akakung'uta udongo wote, akaiosha mizizi kwa maji ya mvua mara tatu, akakisugua chungu, akajaza udongo mweusi wa msituni aliochanganya na samadi ya zamani. Akasema maji ya mvua tu mpaka utakapochipua, na chumvi wapelekewe wenye pembe. Gidahosh naye alipopita mnadani na kusikia, alicheka mpaka akashika mbavu, akaniuliza, "Wewe mama, mti una ulimi?" Watu wote dukani wakacheka. Nilistahili zaidi ya kicheko.

Nilikaa siku mbili sili vizuri. Siku ya tatu nikafunga duka, nikakifunga chungu katika gunia lenye nyasi, nikapanda lori la Hermani. Tulipita Endasak na mvua, nikashuka Dareda nikalala kwa watu. Kesho yake nikapanda lile genge, ule ukingo mkali wa mlima, kipande kwa gari la mbao na kipande kwa miguu, chungu kichwani. Mwanamke wa miaka arobaini na sita na mti kichwani, watu walikuwa wanasimama kuangalia. Nilifika Dongobesh saa tisa mchana.

Mzee Tawakali, baba yake Saumu, alikuwa barazani dukani kwake. Nikamwamkia shikamoo nikiwa nimepiga magoti. Akaitikia marahaba, akaniuliza habari za safari, akaagiza niletewe maji ya kunywa. Nilitamani anifukuze. Nikamwambia yote pale pale, maana binti yake amerudishwa kwake na jina baya, na jina hilo nimemtia mimi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwenyewe yuko ndani," akarudi kupima sukari.

Saumu alikuwa anachambua maharage. Amepungua mwili. Nilianza kusema habari ya chumvi, na kabla sijaifikisha popote akaniambia, "Najua, wifi. Nilikuwa nayaona mabonge. Naokota yaliyobaki, halafu namwaga maji mengi ili chumvi itoke chini."

Hamis, yale maji niliyoyaona yalikuwa yanauokoa mti. Karai lile nililokuandikia kuwa ni la sabuni lilikuwa maji safi ya kisimani, aliyoyabeba kichwani kwa ajili hiyo. Hata zile ndoo mbili za siku aliyofukuzwa. Nilikaa chini kwenye maganda ya maharage nikalia mbele ya mke wa mdogo wangu, na yeye hakuninyamazisha, akaendelea kuchambua.

Nilipoweza kusema nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningekuambia, ungesema nakufundisha. Na Hamis ningemwambia kwa mkono wa nani? Barua unaandika wewe, na zake unasoma wewe."

Hilo ndilo linanileta kwenye la pili, ambalo hujanishuku nalo, na ningeweza kufa nalo. Barua zako nilikuwa simsomei zote. Kila ulipoandika habari za kwake, nilikuwa naruka. Ile ya mwezi wa saba uliyomwandikia nusu ukurasa, habari za kanga ulizomnunulia, na jinsi ulivyomkumbuka siku ya Idi ulipokula peke yako, na chumba unachokitafuta ili aje mkae wote, mimi nilimsomea maneno mawili: "Anakusalimu." Miezi kumi na minne mkeo amekaa katika nyumba yako akidhani mumewe ana salamu moja tu kwake. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Najua, lakini sipendi kuandika. Nilikulea, na nilitaka ubaki wangu.

Barua zako nilikuwa nimezichukua, zote kumi na moja. Nikazitoa kwenye kitambaa nikamsomea pale pale, kuanzia ya kwanza, bila kuruka hata nukta. Aliacha maharage. Kuna mahali alinirudisha nisome tena, na sitakuambia ni wapi.

Mti nimeuacha kwake. Una machipukizi matatu, madogo kuliko punje ya mchele, na kama utaishi au utakufa sijui. Kwa wosia wa baba mkeo ndiye mtunzaji, nami sina tena uso wa kuumwagilia maji. Usipomrejea, usiuulizie.

Sasa nisikilize kama dada yako kwa mara ya mwisho katika jambo hili, halafu sitaingia tena nyumbani mwako. Mambo ya kike sikuandikii, ila kwa hesabu aliyonipa mwenyewe eda haizidi siku ishirini na tano kuanzia leo. Barua hii itachukua siku kumi, na lori likikwama matopeni hata kumi na tano. Kwa hiyo usingoje likizo, wala usingoje kufikiri sana. Ukimaliza kusoma, tafuta Waislamu wawili wanaokujua, sema mbele yao kwamba umemrejea mke wako Saumu binti Tawakali. Mwalimu wa chuo amenithibitishia kwamba hiyo inatosha, hata kama wewe uko Tanga na yeye Dongobesh. Kisha piga simu ya maandishi posta ya Mbulu, kwa jina la Mzee Tawakali, watampelekea. Sitaki yafike kwangu kwanza.

Na barua zako kuanzia leo mwandikie yeye. Andika kwa herufi za shule, maana hizi za Kiarabu za chuoni ninazokuandikia mimi hawazijui kule. Dongobesh yupo Angela, mke wa mwalimu wa shule ya misheni, rafiki yake Saumu tangu utoto. Amekubali kumsomea na kumwandikia. Mimi ukinikumbuka niandikie karatasi yangu mbali, hata mistari miwili. Usiponiandikia nitaelewa.

Kwa mwalimu wa chuo nimeshakwenda nikasema kweli, na Ijumaa iliyopita niliwaita wanawake wa mtaa wetu uani nikawaambia kwa kinywa kile kile nilichomsengenyea. Wengine walinipa pole, wengine walitazamana. Baada ya hapo nilirudi dukani nikashona pindo za shuka mpaka jua likazama, na mishono yote ilikwenda kombo.

Mzee Ignasi anakusalimu kwa mkono mmoja. Gidahosh anakusalimu, anasema ukija umletee shanga za bluu za huko pwani. Hermani anakusalimu na kukuambia lori lake bado lina roho. Mariamu anakusalimu sana. Mzee Tawakali alisema nikuambie hana kinyongo na wewe, na nyumba yake unaijua.

Mungu akupe afya, akupe subira juu yangu, na akufikishie karatasi hizi kabla siku hazijaisha.

Salamu za Saumu sinazo. Nilimwomba wakati wa kuagana anipe japo neno moja nikuandikie. Akasema lake atakuambia mwenyewe siku ukimwita mke wako, halitapita tena kinywani kwangu.

Ni mimi dada yako niliyekukosea, na ninayekupenda vile vile,

Mwamvita binti Bashiri